Safari ya Kutazama Miti: Kutoka Tanga Mjini hadi Mtae

Ndugu msomaji, kama una nafasi ya siku tatu na nauli ya basi, fanya safari hii. Kama huna, kaa na gazeti lako, twende pamoja. Tutaanzia pwani, Tanga mjini. Tutapanda Amani. Tutashuka Korogwe na Mombo, tupande tena Lushoto na Shume, na tutalala Mtae.

Hatuendi kutazama majumba. Tunakwenda kutazama miti. Na kila tutakaposimama tutauliza swali moja: mti huu unapata maji wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu miche mingi tunayopanda kila mwaka inakufa. Wananchi wanachimba mashimo, wanabeba maji kichwani, na kiangazi kimoja kikipita hakuna kitu. Mara nyingi si uvivu. Mti umepelekwa mahali pasipo pake. Lipo na kosa la pili, baya kuliko hilo. Ni la mti unaostawi mahali usipotakiwa. Hilo nililifanya mimi mwenyewe, na tukifika Lushoto nitalieleza.

Kipimo cha mvua

Kabla hatujaondoka, tuelewane juu ya kipimo. Wataalamu hupima mvua kwa milimita. Milimita 1,000 ni mita 1. Ukisikia kwamba mahali fulani panapata mvua milimita 1,000 kwa mwaka, maana yake ni hii: kama maji yote ya mvua ya mwaka mzima yangesimama pale yalipoangukia, yasitiririke, yasizame na yasikauke, kina chake kingefika mita 1. Ni kama kiunoni mwa mtu mzima.

Tanga mjini hupata kama milimita 1,300. Hayo ni maji ya kifuani. Amani hupata kama 1,900, maji ya kumzamisha mtu. Lushoto mjini ni kama 1,000. Uwanda wa Mkomazi, nyuma ya milima, hupata kama 500 tu, maji ya magotini. Sehemu zote hizi zimo katika mkoa mmoja wa Tanga.

Sababu ya tofauti hiyo ni milima ya Usambara. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Ukigonga milima, unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na ukipoa unaachia mvua. Ukishavuka upande wa pili, umebaki mkavu. Kwa hiyo mtu anayekaa mashariki ya mlima anapata mvua, na anayekaa nyuma yake anatazama mawingu ya jirani.

Maji tele yasiyonyweka

Sasa tuko pwani ya Tanga, maji yamekupwa. Mbele yetu ipo mikoko. Utasema miti hii haina shida ya maji, maana imesimama ndani ya maji. Lakini ni maji ya chumvi. Mwaga maji ya bahari katika bustani yako ya mchicha uone itakuwaje.

Mikoko ina ufundi wake. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyoinuka kama miguu ya buibui, huzuia chumvi nyingi mizizini isiingie. Mchu unaiingiza, kisha unaitoa kwa njia ya majani. Usiniamini mimi. Chuma jani la mchu siku ya jua, ulilambe. Utaonja chumvi. Chini ya mchu utaona vijiti vingi vimesimama matopeni kama penseli. Hiyo nayo ni mizizi. Inatoka juu kutafuta hewa, kwa sababu tope la pwani halina hewa.

Hata hapa kila mti una mahali pake. Mlilana hupenda kukaa mbele, upande wa bahari. Mkandaa hukaa nyuma, ambako maji ya bahari hayafiki kila siku. Watu wa pwani wanajua hayo tangu zamani, kwa sababu boriti za nyumba zinatoka huko, na rangi ya mkandaa walikuwa wakiitumia kwa ngozi na nyavu. Mtu anayepanda mikoko bila kujua mpangilio huu anaipandia mawimbi.

Amani, nyumba ya mvua

Tunaondoka Tanga. Njiani ni minazi, mikorosho na miembe. Muheza ni machungwa, nawe unajua sifa ya machungwa ya Muheza. Kama una mvule shambani kwako upande huo, usiukate kwa haraka. Mvule ni mti wa mvua ya kati, tena mbao zake ni mali. Katika kiangazi hupukutisha majani ili usipoteze maji, halafu huchipua tena.

Kutoka Muheza barabara inaanza kupanda. Utasikia baridi kidogo, na harufu ya majani yaliyooza. Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na bustani yao ya miti ya nchi mbalimbali ipo mpaka leo. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia.

Simama chini ya mtambara. Inua kichwa, ushike kofia. Mti huu unaweza kupita mita 40. Karibu nao utaona msambu, wenye matunda makubwa mazito. Mbegu zake zina mafuta yanayoganda kama samli, na wananchi wa Amani huziokota na kuziuza. Sasa tazama majani ya miti midogo iliyo chini. Mengi yana ncha ndefu iliyochongoka. Ncha hiyo ni kama mdomo wa birika. Inamwaga maji upesi, jani lisikae limelowa. Kazi ya mti wa Amani ni kujikausha. Tutakapofika Mombo tutaona kazi kinyume cha hiyo.

Mti wa namna hii hauwezi kuishi Mombo hata ukiuimbia. Nao ukipandwa Amani kwenye uwanda wazi wenye jua kali, miche hunyauka, kwa sababu imezoea kukua kivulini. Miaka ya nyuma wananchi wengi walifyeka miti midogo msituni ili wapande iliki, wakaacha ile mikubwa kwa kivuli. Miti mikubwa ilipozeeka na kuanguka, hapakuwa na mitoto ya kushika nafasi. Nafasi ikashikwa na msizi, mti wa kigeni ambao wataalamu wanauita Maesopsis. Uliletwa Amani mapema katika karne ya 20. Hondohondo wanapenda tunda lake, nao wamesambaza mbegu msitu mzima bila mshahara.

Je, mtu wa Tanga mjini inamhusu nini? Inamhusu sana. Maji anayofungulia bombani yanatoka mto Zigi, yanakingwa katika bwawa la Mabayani. Mto Zigi unatoka kwenye milima hii. Msitu unapokea mvua kubwa, unaipeleka ardhini taratibu, na mto unakuwa na maji hata masika yakiisha. Mlima ukiwa mtupu, mvua ile ile inashuka kwa siku moja na udongo mwekundu.

Nani aliyegawa miti

Wataalamu wana vitabu juu ya mambo haya. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja wa Berlin, Adolf Engler, alitoa maandishi juu ya namna mimea ya Usambara inavyogawanyika: ya pwani, ya nyika, ya msitu, ya juu. Aliandika kwa kutazama majani makavu aliyopelekewa huko Berlin. Mwaka 1902 ndipo alipofika Usambara mwenyewe.

Lakini Wasambaa hawakumngoja. Katika lugha yao nchi iko namna mbili. Ipo Shambaai, yaani juu mlimani, kwenye mvua na baridi. Ipo nyika, yaani chini, kwenye joto na ukame. Mzee wa Kisambaa hahitaji kipima mvua. Anatazama miti na vichaka vilivyopo, anakwambia hapa bado ni nyika, pale Shambaai imeanza. Mimi nilisoma chuo, nikapata cheti cha kilimo, lakini mpaka huo nilionyeshwa na mzee aliyekuwa akichunga mbuzi.

Mombo, kwenye kiu

Tunashuka. Bonde la Lwengera linatenganisha Usambara Mashariki na Usambara Magharibi. Tunapita Korogwe katikati ya mkonge. Mkonge si mti, lakini tuuseme kidogo, kwa kuwa ni shahidi mzuri. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba yote haya. Mmea ulioweza kuvumilia safari ile haukushindwa na kiangazi cha Korogwe.

Kuanzia Mombo hadi Mkomazi mlima uko kulia kwetu kama ukuta, na sisi tuko kavuni. Tazama mbuyu. Unatunza maji ndani ya shina lake nene, na sehemu kubwa ya mwaka hauna jani hata moja. Tazama mgunga. Majani yake ni madogo sana, maana jani pana lingepoteza maji mengi juani. Mizizi yake huenda chini mbali. Tazama mnyaa, ule wa ua, wenye utomvu mweupe hatari kwa macho. Karibu hauna majani kabisa. Vijiti vyake vya kijani ndivyo vinavyofanya kazi ya majani. Na mkwaju nao uko hapa, umetulia, unatoa kivuli ambacho kila msafiri anakitafuta.

Upande huu wa chini niliwahi kuona shule imepanda migrivea mistari mizuri. Mbegu ilitoka Lushoto, ambako mgrivea unastawi mashambani. Watoto waliimwagilia kila jioni kwa makopo. Likizo ilipofika, watoto walikwenda nyumbani. Waliporudi waliikuta imekuwa kuni. Mwalimu alisikitika mno. Tukaanza upya na mikwaju, migunga na miarobaini. Mwarobaini si mti wa asili yetu, lakini ukame anaujua. Mstari haukunyooka kama ule wa kwanza. Miti ipo.

Kupanda Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi. Barabara inajipinda ubavuni mwa mlima, ukitazama chini usiwe na kizunguzungu. Usilale katika basi hapa, maana katika nusu saa unapita nchi mbili. Chini ni migunga. Ukikaribia Soni, migunga imekwisha na utaona mishai. Mshai ni ule mti wenye kichwa bapa kama mwavuli uliofunguliwa. Ni mti wa mvua ya kati na wa mlima. Wasambaa wanauacha makusudi shambani, juu ya kahawa na migomba. Kivuli chake ni chepesi, majani yake yakianguka yanarutubisha udongo.

Kandokando ya mito utaona mkuyu. Huu una tabia ya pekee. Unaweza kuukuta mlimani na ukaukuta nyikani katikati ya ukame. Haufuati mvua. Unafuata maji ya ardhini. Ukiona mkuyu mkubwa umenawiri mahali pakavu, jua kwamba maji hayako mbali. Mababu walichimba visima kwa kufuata alama hiyo.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka 2003 nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nimepangiwa vijiji vya mlimani. Katika kijiji kimoja palikuwa na chemchemi bondeni, na juu yake ubavu wa mlima uliokuwa mtupu. Nilitaka kuufunika upesi, wakubwa wangu waone kazi. Nikaleta miche ya mikaratusi. Tuliipanda mpaka karibu kabisa na jicho la maji. Bibi mmoja alisimama akaniuliza, "Mwanangu, mti huu kunywa kwake kukoje?" Nikamjibu, "Bibi, huu ni mti wa kisasa, unakua haraka." Hakuwa ameniuliza juu ya kukua.

Mikaratusi ilikua kweli. Miaka mitano ikawa nguzo. Lakini kila msimu wa kaskazi, kati ya Januari na Machi, chemchemi ilipungua. Ndoo iliyokuwa ikijaa mtu akiwa anasalimiana na mwenzake, ikawa inahitaji nusu saa. Akina mama wakaanza kuamka saa 9 za usiku ili wawahi foleni. Mwaka 2011 mkutano wa kijiji uliitwa, na mimi nikaitwa. Hapakuwa na matusi. Yule bibi hakusema neno, alinitazama tu. Ilinichoma kuliko matusi.

Tulikata ile mikaratusi ya bondeni. Mikaratusi ikikatwa huchipua tena kisikini, kwa hiyo tuliirudia mara tatu, na visiki vingine tukavichimba. Tukapanda vipande vya mkuyu, maana mkuyu unaota kwa kijiti, na mishai pembeni. Msinielewe vibaya. Mkuyu nao unakunywa. Hakuna mti usiokunywa. Lakini mikuyu michache yenye kivuli kipana ni tofauti na mamia ya mikaratusi iliyosongamana, inayokua upesi na kunywa mwaka mzima. Mkaratusi si adui. Uweke mbali na maji, juu ya kilima, upate nguzo na kuni zako.

Chemchemi ile haijarudi kama zamani. Mwezi Februari bado watu wanasubiri, lakini hawaamki saa 9. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Pima hatua 60 ndefu. Nenda kapime kwenye chemchemi ya kijiji chenu, uone hatua ya 60 inaishia katika shamba la nani.

Ukungu wa Magamba na ukavu wa Shume

Juu ya Lushoto upo msitu wa Magamba. Milima hapa inapita mita 2,200. Ingia asubuhi ya mwezi wa 7, wakati mvua hakuna. Barabarani vumbi ni kavu, lakini chini ya miti matone yanadondoka. Yanatoka wapi? Ni ukungu. Unapita kati ya matawi, unanasa katika majani na kuvu za miti, unakuwa matone. Kwa hiyo msitu wa juu unajichotea maji ambayo kipima mvua cha mjini hakiyaoni. Ukikata miti hiyo, ukungu utapita tu juu ya shamba lako kama moshi.

Mfalme wa sehemu hizi zenye unyevu ni mkulo. Mbao zake zinanukia kafuri. Ulikatwa sana kwa sababu hiyo, na miti mikubwa imebaki michache. Lakini mkulo una siri. Huchipua kutoka mizizini. Ukikuta machipukizi yamezunguka kisiki cha mkulo, usiyafyeke kwa kudhani ni magugu. Hiyo ndiyo mbegu yake.

Endelea mbele hadi Shume. Bado uko juu, bado ni baridi, lakini umeelekea nyuma ya mlima na mvua imepungua. Mkulo unabaki nyuma. Unaingia katika nchi ya mwangati, mti wa baridi kavu. Mbao zake ni nyekundu, mchwa hawazipendi, na nguzo ya mwangati humzika aliyeichimbia. Kabla ya vita vya 1914 Wajerumani walijenga njia ya kamba ya chuma kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, kuteremshia magogo hayo hewani. Sehemu kubwa ya msitu ule leo ni misindano iliyopandwa. Mwangati unakua polepole sana. Anayeupanda anampandia mjukuu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasema, "Shume na Magamba zote ni juu, zote baridi, basi miti ni ile ile." Sivyo. Urefu wa mlima haukuambii kila kitu. Uliza mlima umeelekea wapi. Hata katika shamba moja, ubavu unaotazama bahari na ule unaoipa bahari kisogo haupaswi kupandwa sawa.

Tunafika Mtae jioni. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa mwa mlima. Nyuma yako ni migomba na ukungu. Mbele ardhi inakatika, na mbali chini unaona nyika ya Mkomazi imetanda, rangi ya kahawia, na doa la kijani mahali penye mto. Wazee walichagua kukaa ukingoni hivi kwa akili. Mwenye nyumba hapa aliweza kulima migomba juu na mahindi chini nyikani. Mwaka ambao mlima ulimnyima, nyika ilimpa, na mwaka mwingine ikawa kinyume chake.

Basi la kurudi Lushoto linaondoka Mtae usiku wa alfajiri, kabla hujaweza kuona mti wowote. Ulizia saa kwa wenyeji jioni ile ile, na uvae sweta.